Sakafu ya mninga, Cheyo: shajara ya kazi

Juni 9

Sebule iko tupu. Makochi yako barazani chini ya turubai, kabati la vyombo limehamia chumbani kwangu, na Mama ameipeleka redio yake jikoni akaniambia nisimwite mpaka kuwe na kitu cha kuona. Kilichobaki ni sakafu yenyewe: mita nne kwa tano, vibao vya mninga vya sentimeta 23 kwa 7, vimelazwa mshazari vikikutana vichwa kama ukili wa mkeka. Baba alikuwa mtu wa reli, na alipoinunua nyumba hii hapa Cheyo, Tabora, sakafu ilikuwapo tayari. Mama anasema siku aliyoletwa bibi harusi ilikuwa na rangi ya tende. Anataka kuiona tena hivyo, nami nimeahidi kuifanya likizo hii kabla shule hazijafunguliwa.

Hali ya leo niiandike kama ilivyo. Mlangoni mbao zimekuwa za kijivu kama majivu. Katikati kuna tabaka la dawa nyekundu ya sakafu, ile inayopakwa kwenye saruji, limelundikana miaka mingi hadi ukucha unaacha mstari. Chini ya dirisha pana duara jeusi, mahali lilipokaa kopo la maua. Nimegonga kila kibao kwa kifundo cha kidole: 31 vinalia vitupu, vinne vimepasuka, viwili havipo kabisa.

Watu watatu wameshanishauri nipige vigae nimalize. Sitaki. Mninga ni mti wa miombo ya huku kwetu. Ukilijeruhi gome lake kwa panga unatoa utomvu mwekundu kama damu, na kiini chake mchwa hawakiwezi. Mbao hizi zimekanyagwa maisha yangu yote na bado ni ngumu. Zikifunikwa vigae, hakuna atakayezifunua tena.

Juni 10 na 11

Siku mbili za kutoa nta tu. Nilianza kwa jaribio dogo: kitambaa cheupe, matone ya tapentaini, nikasugua pembeni. Kikatoka chekundu na chenye utelezi. Dawa ya sakafu ni nta iliyotiwa rangi, na nta ni adui wa vanishi. Ikibaki kwenye vinyweleo vya mbao, vanishi inakataa kushika, inajikusanya na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki. Tena msasa unaziba kwa dakika mbili. Kwa hiyo kwanza tapentaini, kisha skrepa kufuata nyuzi, kisha kitambaa kingine safi, na tena. Lita tatu zimekwisha.

Madirisha wazi muda wote, na jiko la mkaa tumelihamishia uani, kwa sababu mvuke wa tapentaini unashika moto kwa cheche ndogo.

Juni 12

Nimekwenda kwa mzee seremala aliyeniuzia kitanda changu cha kwanza. “Shikamoo baba.” “Marahaba mayo. Mwangaluka,” akaniamkia kwa Kinyamwezi. Nilimpelekea kibao kimoja kilicholegea. Alikigeuza, akakwangua mgongo wake kwa kucha, akanusa. “Lami hii. Wazee walibandika kwa lami ya moto. Gundi yako nyeupe haitashika hapa hata ukiikandamiza kwa gari.”

Amenieleza kwamba lazima lami itoke pande zote mbili, nyuma ya kibao na juu ya saruji, ibaki mbao tupu na saruji tupu. Na nisijaribu kuilainisha kwa tina, maana ikiyeyuka inanywewa na mbao na kujitokeza juu baadaye kama doa la kahawia. Niitoe ikiwa baridi na ngumu, kwa patasi. Mninga wa kuziba mapengo amenipa kutoka kwenye mabaki yake, wenye asili inayojulikana na stakabadhi yake, akanikatia vibao nane kwa kipimo cha sakafu yangu. Sita vya kutumia na viwili vya akiba.

Juni 13

Patasi na lami tangu asubuhi. Kweli, kabla jua halijaingia sebuleni lami inaruka vipande kama chaki nyeusi. Baada ya saa sita mchana inaanza kunata. Julai na Juni usiku wa Tabora una baridi, na leo baridi hiyo imekuwa msaidizi wangu.

Juni 14 hadi 17

Nasubiri vibao vipya vikauke. Mbao iliyobandikwa ikiwa na maji itasinyaa baadaye na kuacha ufa. Nimevipanga sebuleni palepale vitakapoishi, vikiwa na vijiti katikati hewa ipite, na kila asubuhi napima kimoja kwenye mizani ya jikoni. Gramu 221. Kesho yake 215. Kisha 212. Leo 211, na jana jioni pia 211. Uzito umeacha kushuka, maana yake mbao imepatana na hewa ya chumba.

Jioni ya tarehe 17 nimebandika vyote, vya zamani na vipya, kwa gundi ya sakafu ya mbao iliyokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Matofali juu yake, gazeti katikati. Vyote 37 vimekaa.

Juni 19

Msasa. Hapa Tabora sikupata mashine kubwa ya sakafu ya kusukuma ukiwa umesimama, ila mzee ameniazima mashine yake ya mkanda ya mkononi, na nina yangu ndogo ya duara inayotetema. Nimeanza na namba 40, wenye chembe kubwa; namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi.

Swali la kwanza lilikuwa mwelekeo. Kwa mbao zilizolazwa zote upande mmoja unafuata nyuzi, basi. Za kwangu ni ukili: nusu ya nyuzi zinakwenda kushoto, nusu kulia. Ukifuata hizi unazikata zile. Nimefuata urefu wa chumba, hivyo mashine inazikuta nyuzi zote kwa mshazari uleule na hakuna upande unaoonewa. Na kanuni ambayo mkono umejifunza haraka: mashine ya mkanda iwe tayari inatembea ndipo iguse mbao, na iinuliwe ingali inatembea. Ikisimama mahali pamoja kwa pumzi moja, inachimba bakuli.

Vumbi la mninga linawasha. Mikono yangu imetoka vipele hadi kwenye kiwiko, na koo limekauka ingawa nimevaa barakoa nzito, si ile ya kitambaa. Mtoto wa kaka yangu, mdogo, ana pumu. Nimempeleka kwa mama yake mkubwa Isevya mpaka kazi ya msasa iishe. Mlango wa ndani nimeuziba kwa shuka lililoloweshwa maji.

Saa nane mchana umeme ukakatika. Nilikuwa nimefika namba 60 katikati ya chumba. Nikasema nisipoteze jua, nikapiga magoti nikaanza pembezoni kwa mkono, upana wa shubiri moja kuzunguka kuta nne, msasa umefungwa kwenye kipande cha mbao. Namba 60, kisha 80, na 100 ilipokwisha nikatumia 120. Nilisugua mpaka magharibi, zikawa laini kama shavu.

Juni 20

Umeme umerudi. Namba 80 katikati yote, kisha 100 kwa mashine ya duara. Huruhusiwi kuruka namba: mikwaruzo ya 40 inafutwa na 60, ya 60 na 80, na ukiruka, ile mikubwa inabaki chini huku juu pakiteleza. Macho ya mchana hayaioni. Usiku nimelaza tochi sakafuni, mwanga ukitambaa juu ya mbao, na mikwaruzo yote ikajitokeza na vivuli vyake. Nimeizungushia chaki sehemu kumi na mbili za kurudia.

Mama alichungulia. Mbao tupu zilikuwa na rangi ya asali mbichi, nyingine nyekundu kidogo, na vibao vyenye weupe wa nje ya mti vikang’aa kama meno. “Mbona zimekuwa changa hivi,” akasema, akarudi jikoni.

Juni 22

Duara jeusi halikutoka kwa msasa. Limeingia ndani. Kopo lilikuwa la chuma, maji ya maua yakavuja, kutu ikakutana na tanini iliyomo ndani ya mbao, na chuma na tanini vikikutana vinatengeneza weusi uleule uliokuwa wino wa zamani. Mimi hufundisha kemia. Mambo haya nayaandika ubaoni kila mwaka, lakini kuyaona kwenye sakafu ya mama yangu ni jambo jingine.

Dawa yake ni asidi ya oksali. Inakishika chuma na kukifanya kiyeyuke kwenye maji. Ni sumu: glavu, miwani, na watoto mbali. Nimeyeyusha vijiko viwili vya chakula katika nusu lita ya maji ya moto, nikapaka kwa brashi, si kwenye doa pekee bali kwenye vibao vizima vilivyoguswa, ili pasibaki mpaka. Baada ya dakika ishirini weusi ulianza kuwa wa kijivu. Nikarudia. Kisha nikaosha kwa maji safi mara nne, maana masalia yake yakikauka na kupigwa msasa, vumbi lake linachoma mapafu. Limebaki kivuli chepesi ambacho rangi itakimeza.

Juni 24

Siku ya majaribio. Nimechukua vipande sita vya mabaki, nikavipiga msasa kwa hatua zilezile za sakafu, kwa sababu kipande kilicholainishwa tofauti kitadanganya.

Cha kwanza nilikipaka dawa ya kienyeji: misumari yenye kutu iliyolala kwenye siki wiki nzima. Kikawa cheusi chenye kijivu mbele ya macho yangu. Ni kitu kilekile nilichokaa siku nzima nikikitoa chini ya dirisha, chuma na tanini, na sasa ningekimwaga chumba kizima. Nikakiweka kando.

Vilivyobaki ni rangi ya mafuta ya kupenyeza mbao, makopo mawili ya dukani, moja limeandikwa mahogani na jingine tiki. Mahogani peke yake ni nyekundu mno, inakumbusha ile dawa ya sakafu. Tiki peke yake haifiki. Nikachanganya moja kwa moja, mbili kwa moja, tatu kwa moja. Juu ya kila kipande nikapaka nusu vanishi, maana rangi ikikauka inafifia na kudanganya. Vanishi ndiyo inaonyesha itakavyokuwa.

Mama akaleta tende tatu kwenye kisahani, akaziweka juu ya vipande moja moja, akazihamisha, akavipeleka mlangoni kwenye jua, akavirudisha ndani. Alichukua muda mrefu kuliko alivyowahi kuchukua kuchagua kitenge. Amechagua mahogani mbili kwa tiki moja. Akala tende.

Juni 26

Rangi. Binti mkubwa wa kaka yangu alikuja kusaidia: mimi napaka kwa kitambaa, yeye anafuta nyuma yangu baada ya dakika kumi. Tulianzia kona ya mbali tukielekea mlangoni, safu kwa safu, bila kusimama katikati ya safu, kwa kuwa rangi mbichi ikipanda juu ya iliyokwisha kukauka inaacha mstari mweusi. “Shangazi, pale umeruka.” Ana jicho zuri kuliko langu.

Tulipofika mlangoni tukageuka kutazama. Katikati: tende, kabisa. Na kuzunguka kuta nne, upana wa shubiri moja, fremu ya rangi hafifu, kana kwamba zulia kubwa limetandikwa juu ya sakafu nyingine.

Nilijua pale pale. Ni zile pembezoni nilizozisugua siku umeme ulipokatika, kwa namba 120 na kwa mikono, saa baada ya saa. Msasa laini unafunga vinyweleo, na mbao iliyofungwa hainywi rangi. Nilikuwa nikijisifu kwa ulaini ule. Rangi haifichi namna ulivyopiga msasa. Inaitangaza.

Vitambaa vyote vya rangi nimevianika kwenye waya wa uzio kimoja kimoja. Hili nalisisitiza kwa yeyote atakayefanya kazi hii: mafuta ya aina hii hayakauki kama maji, yanavuta oksijeni hewani na kutoa joto. Vitambaa vikikunjwa na kurundikwa kona moja, joto halina pa kutokea, na rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku mmelala. Vianike, au uvitie kwenye ndoo ya maji.

Juni 28

Nimesubiri rangi ikauke siku nzima, leo nimerudi magotini. Pembezoni zote: namba 80 hadi rangi itoke, kisha 100, na hapo hapo kikomo. Halafu nimefuta eneo hilo kwa kitambaa chenye unyevu, si cha kuchuruzika. Maji yanainua nyuzi na kufungua vinyweleo sawasawa. Ningalifanya hivyo chumba kizima kabla ya rangi ya kwanza, na chumba cha pili, cha Mama, nitafanya.

Juni 29

Rangi pembezoni. Fremu imetoweka. Penye kiungo, ukipajua, utaona kivuli cha unene wa kidole karibu na mlango wa jikoni. Nimekitazama asubuhi, mchana na kwa taa. Kitabaki.

Julai 1

Mazungumzo ya nta. Mama hataki vanishi; anataka nta ya nyuki, na ana hoja. Tabora ni mkoa wa nyuki, Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapa hapa mjini, na nta safi haihitaji kuagizwa mbali. Nimemwonyesha kwa vipande viwili: kimoja nta, kimoja vanishi, tone la maji juu ya kila kimoja, usiku kucha. Asubuhi cha nta kilikuwa na alama nyeupe. Sebuleni hupita wageni na chai, na watoto huingia na miguu yenye maji. Tumekubaliana: vanishi sebuleni, nta chumbani kwake, ambako anatembea yeye tu pekupeku. Mchanganyiko wake ni sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za tapentaini. Nta inayeyushwa ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, inaondolewa kabisa motoni, ndipo tapentaini inatiwa.

Julai 3

Vanishi ya poliurethani, mkono wa kwanza. Hesabu: lita moja inapaka mita za mraba kumi hivi, sebule ni ishirini, kwa hiyo lita mbili kila mkono. Huu wa kwanza nimeupunguza kidogo kwa tapentaini uzame. Wengi hapa hupunguza kwa mafuta ya taa kwa kuwa ni rahisi kupata, lakini yanaacha unene wa mafuta na vanishi inabaki kunata siku nyingi.

Adui wa leo ni vumbi. Upepo wa kiangazi umeanza. Nimemwagia uwanja maji alfajiri, nikafagia sebule mara mbili, nikafuta kwa kitambaa chenye tapentaini, nikafunga madirisha ya upande wa barabara na kuacha ya uani. Kopo halitikiswi, linakorogwa taratibu, kwa sababu povu likikauka linakuwa chunusi.

Julai 5

Msasa namba 220 kwa mkono mwepesi, vumbi likafutwa, mkono wa pili. Hakuna la zaidi.

Julai 7

Saba Saba. Mtaa una muziki, mimi niko magotini na mkono wa tatu. Nilimaliza saa tano asubuhi, nikarudi nyuma mpaka nje ya mlango nikakaa kizingitini. Mwanga wa dirisha ulilala juu ya sakafu mzima, bila kukatika, na ule ukili ukaonekana kibao kwa kibao, hata vile sita vipya ambavyo sasa inabidi nivihesabu kuvipata.

Mama alisimama nyuma yangu. Hakuuliza kama anaweza kuingia. Akasema, “Pale karibu na nguzo ndipo baba yako alipokuwa akivulia viatu vya kazi.” Akaninyooshea kidole mahali penyewe.

Julai 12

Siku tano. Makochi yamerudi leo, yameinuliwa na vijana wawili, hayakuburutwa, na kila mguu nimeugundishia kipande cha blanketi kuukuu. Mkeka na zulia hapana, mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu vanishi ingali ikikomaa chini na ikifunikwa itabaki na alama. Kufagia ni kwa ufagio laini na kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Sabuni ya unga isiguse hapa, na dawa nyekundu nimeitoa nyumbani kabisa.

Chumba cha Mama hakitasubiri masika. Agosti na Septemba hewa bado kavu, nitafanya Jumamosi na Jumapili. Mashine ya mzee nimeirudisha na mkanda mpya juu yake. Vibao viwili vya akiba nimevifunga kwenye gazeti, vimekaa juu ya kabati pamoja na rangi iliyobaki, na juu ya kopo nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: mahogani 2, tiki 1, msasa mwisho 100.